Bado Wapo Ugenini

Tarehe 12 Februari

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na Wifi na Mama. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Natumaini unamsikiliza Wifi na hukai tena siku nzima kwenye kile kigoda bila mto. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa mikono tu. Sabuni wanayonipa huku ni kali, inachubua.

Simu yangu huipokei. Juzi nilipiga, Wifi akapokea akasema umetoka, na nyuma yake nikakusikia ukikohoa. Kikohozi chako nakijua tangu utotoni, Kaka. Basi nimeona niandike, maana barua huwezi kuiambia kwamba umetoka.

Habari za huku ni hizi. Nimepata chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Asubuhi naamshwa na mabati yanayoshushwa kwenye lori. Bomba ni moja kwa wapangaji wote, watu wema tu, ila kila mmoja na ndoo yake na salamu ni ya kutikisa kichwa. Nyumba ya ibada nimeipata, haiko mbali, nashukuru. Kazini wameninunulia mashine mbili za kufulia. Kocha akaniambia, "Mama Jezi, sasa utastarehe." Nistarehe nini? Mashine haijui kwamba golikipa anafutia jasho kwenye kola, wala haijui kutenga jezi mpya zinazochuja rangi. Wiki ya kwanza ilinigeuzia soksi nyeupe zote zikawa zambarau. Wachezaji walicheka mpaka wakakaa chini. Kapteni akasema, "Angalau soksi zimeonyesha mapenzi kwa timu yetu ya Zambarau."

Alikuwa anatania, lakini neno hilo lilinichoma. Uwanja ni mzuri, viti vya plastiki kila kimoja na namba yake. Uko kando ya barabara kuu, hakuna nyumba karibu. Siwezi kusema watu hawaji. Mechi za mwanzo walijaa. Lakini wanakuja kama watu wanaokwenda kuangalia duka jipya: wanazunguka, wanashikashika, wanaondoka kabla ya mwisho wasikwame kwenye foleni. Goli likiingia spika zinapiga muziki, nao wanapiga makofi mpaka muziki ukatwe. Wimbo hakuna. Hakuna mtu wa kuuanzisha. Nimekukumbuka, Kaka, umesimama mbele ya jukwaa la jua la uwanja wetu wa zamani, mishipa ya shingo imetoka, na ule ubeti wa pili unaukosea kila wiki, na jukwaa zima linaukosea pamoja nawe kwa sababu ndivyo lilivyofundishwa na wewe.

Siku ya goli la kwanza nilitoka na beseni langu kama kawaida yangu, nikalipiga na mwiko wa kukorogea sabuni. Mlinzi akaja mbio. "Mama, nini kimeanguka?" Nikamwambia, hakuna kilichoanguka mwanangu, tumefunga. Akaniangalia kama mtu anayetafuta namba ya simu ya ndugu zangu.

Niliporudi ndani nikamkumbuka Mama. Huko nyumbani siku za mechi kiti chake kipo mlango wa nyuma kimeelekezwa uwanjani, macho hayaoni tena lakini hakuna aliyemzidi kujua matokeo. "Hilo letu. Hilo limegonga mwamba. Hilo refa ametudhulumu." Na kelele za watu zikianza kushuka, ndipo linapokuja beseni langu kutoka ua wa kufulia jezi, naye anasema, "Na mwanangu yuko salama."

Kaka, nakuuliza na usikasirike. Umeshamwambia? Nilipofunga virago ulisema utamweleza taratibu kwamba timu imehamishwa moja kwa moja, na mimi nimekwenda nayo. "Niachie mimi," ulisema. Nimekuachia. Amepokeaje?

Ni mimi mdogo wako.


Tarehe 27 Machi

Kwa mdogo wangu,

Salamu. Barua yako imefika ikiwa imekunjamana kama iliyolaliwa na kondakta. Tu wazima. Mgongo upo. Kikohozi ni vumbi la ngozi za viatu. Sikujibu mapema kwa sababu ya kazi.

Kazi ipi, utauliza. Kibanda changu bado kinatazama geti kuu. Geti wamelitia mnyororo, na majani yameota mpaka kwenye vidirisha vya kukatia tiketi. Wewe unajua siku ya mechi palivyokuwa: nilikuwa sipati nafasi ya kumeza mate. Huyu soli imefunguka, yule kamba imekatika, yule hana shida yoyote ila anataka kukaa karibu na Spika ajue leo tunaanza na wimbo gani. Siku hizi nashona viatu vya watu wanaokwenda kazini. Watu hao hawana haraka wala furaha. Na hakuna anayeniita Spika. Wananiita Fundi.

Hapa kibandani tumeweka sheria. Anayeitaja Zambarau kwa mdomo wake anawanunulia wenzake wote chai. Anayeshukuru ni muuza chai, maana wanaume wazima hawawezi kukaa asubuhi moja bila jina hilo kuwaponyoka. Jana kinyozi alikuja amefura, akasema, "Sitaji mtu, ila wale watu wamepoteza penalti." Tukamwambia lipa. Akasema, "Watu gani? Nimesema watu tu." Tukamwambia lipa. Mimi sijawahi kununua. Wifi yako anasoma begani kwangu na anasema niandike kweli. Basi, nimenunua.

Tuliipenda timu ile mdogo wangu, na walituacha kwa tangazo la ukurasa mmoja lililobandikwa getini. Hata kuaga hawakuaga. Tuliamka tukakuta wanapakia magoli kwenye lori, na nyavu zake. Redio yangu nimeipandisha juu ya kabati. Siisikilizi. Ila huyo beki wenu wa kushoto mwambieni aache kupanda ovyo, ndiyo maana mnafungwa dakika za mwisho.

Kuhusu Mama. Siku ya kwanza ya msimu aliniuliza, "Mbona leo kimya, hawachezi?" Nilikuwa nimejiandaa kusema, Mungu ni shahidi. Mdomo ukafunguka, likatoka jambo jingine: "Wapo ugenini, Mama." Wiki iliyofuata nikasema bado wapo ugenini. Halafu nikasema uwanja unapandwa nyasi mpya. Kuhusu wewe nilisema timu ipo kambini na haiwezi kwenda bila mfua jezi wake. Akacheka, akasema, "Kambi gani hii, au wamemwoa?"

Usinihukumu. Wewe uliondoka na begi mkononi, mimi nikabaki na kiti kile mlango wa nyuma. Ni rahisi kuagiza ukweli kwa barua.

Wifi anasalimia sana. Amesema kuna jambo nisisahau kukuandikia, nami nimelisahau kwa makusudi.

Kaka yako.


Tarehe 9 Aprili

Mpendwa Kaka,

Habari za siku nyingi. Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata kama umeandika kama mtu anayegonga misumari. Mmeamkaje wewe na Wifi? Mwambie ninayemwuliza ni yeye, aniandikie mwenyewe hilo ulilolisahau. Mimi nipo, Mungu ananishika mkono. Mikono imepona kidogo. Nimenunua mafuta mazito, usiku najipaka na kuvaa soksi mikononi kama kichaa.

Lile la begi limeniuma, nami nitalijibu mara moja tu. Mimi ni mjane, Kaka. Kazi ninayoijua ni ya jezi zile. Walipohama waliniuliza jioni wakataka jibu asubuhi. Ningebaki nikafua nini, kuta? Ulikuja kituoni kunisindikiza, ukakaa ng'ambo ya barabara, hukuvuka. Nilikuona. Sikusema kitu mpaka leo.

Sasa sikia. Nimepiga magoti leo asubuhi kushukuru, na najua Mungu ana mambo makubwa kuliko mpira, lakini huwa namtajia. Wamepanga mechi za kombe. Zambarau tutacheza na ile timu ya vijana wa gereji, hawa mliowapachika jina la Grisi. Na Grisi siku hizi uwanja wao wa nyumbani ni upi? Ni ule ule. Tunakuja, Kaka! Katikati ya Juni, Jumamosi, alasiri. Kufuli litafunguliwa.

Basi nakuomba mambo mawili. La kwanza, mwambie Mama ukweli kabla sijafika, nisimkute kwenye uongo nikalazimika kuuendeleza au kuubomoa mbele yako. La pili, kiti kiwe mlango wa nyuma. Nitakuja na beseni langu lile lile lililobonyea, nililificha chini ya mikoba ya mipira wasilitupe. Tukifunga nitalipiga, na mechi ikiisha nitavuka barabara niingie kwa mlango wa nyuma, nimshike mikono. Basi letu halitaondoka mara moja, nimeshamwuliza dereva.

Na wewe utaimba, sivyo? Vijana hawa wengi ni wale wale. Kapteni kila siku ananiuliza, "Mama Jezi, kaka yako atakuwepo?"

Mdogo wako anayekupenda.


Tarehe 30 Mei

Kwa mdogo wangu,

Tunaendelea vizuri. Mvua imeingia kibandani, imeharibu ngozi nzuri niliyokuwa nimeiweka kwa viatu vya bwana harusi mmoja. Wifi alikuwa na homa, amepona.

Mama nimemwambia. Nimemwambia Zambarau wanarudi kucheza nyumbani katikati ya Juni. Hilo ni kweli na amelifurahia mno. Mengine yatajieleza yenyewe ukiwa hapa.

Mashabiki tumekutana kibandani kwangu. Watu walikuwa wengi mpaka wengine wakasimama kwenye mtaro. Usiwe na wasiwasi, tutajaza jukwaa la jua mpaka pasiwe na pa kuweka mguu. Mwambie kapteni nitakuwepo. Mtatuona.

Kaka yako.


Tarehe 24 Juni

Kaka,

Natumaini hamjambo. Natumaini Mama hajambo. Kuuliza zaidi ya hapo naona aibu.

Basi lilipoingia mtaani nilivuta pazia, nikaona ukuta wetu wa nyuma na kamba ya nguo juu yake. Nilikuwa nimevaa lile gauni la mifuko mikubwa ambalo Mama analijua kwa kulishika. Beseni nimelipakata. Nikaona watu wanamiminika kwenda jukwaa la jua, nikasema moyoni, Kaka hakunidanganya, wamejaza.

Halafu wachezaji wakatoka. Hapakuwa na sauti, Kaka. Nimekaa misibani mara nyingi, kimya cha msibani kina kikohozi, kina mtoto analia, kina mtu anauliza maji. Kile hakikuwa na kitu. Nilisikia njumu za wachezaji kwenye sakafu ya korido, kisha nikazisikia mpaka kwenye nyasi. Kapteni aligeuka akaniuliza, "Mama Jezi, tumefika uwanja wenyewe?" Nikamwambia twende tu, mwanangu, labda wanasubiri kuanza.

Tukafunga. Yule mshambuliaji, wewe ndiye uliyempa jina la utani, alikimbia kwa mazoea mpaka kwenye jukwaa la jua, mikono juu. Alipofika karibu akaishusha. Akarudi katikati anatembea.

Nilikuwa nimesimama ua ule ule wa kufulia, beseni mkono wa kushoto, mwiko nimeshaunyanyua. Ndipo nikakuona. Ulisimama mbele kabisa, mikono nyuma, kama mwalimu anayesimamia mtihani. Nikajua hii ni kazi yako. Uliipanga hapo kibandani, ukaniandikia "mtatuona", na mimi kwa ujinga wangu nikamsomea kapteni barua yako kwa furaha. Mkono ukakataa, Kaka. Ningepiga, ningekuwa mimi peke yangu uwanja mzima, na wewe ungegeuka kunitazama. Niliushusha mwiko.

Mechi ilipoisha muda nilikuwa nao. Nyumba yetu iko ng'ambo ya barabara. Nilimwambia dereva tusikawie, nina jezi mbichi nahitaji kwenda kuanika. Nikapanda basi, nikakaa upande usiotazama nyumbani.

Nimekuandikia yote. Kunyamaza unajua, sasa nyamaza.

Mdogo wako.


Tarehe 2 Agosti

Kaka,

Mu wazima? Sijapata jibu. Niliandika kwa hasira, na lile neno la mwisho lilipotoka mkononi nilitaka kulikimbilia posta. Najua nililitamka mwenyewe, na wewe tangu utoto ukiambiwa jambo kwa hasira hulishika kama amri.

Huku msimu umekaribia kuisha. Juzi niliweza kuwatazama watu jukwaani mmoja mmoja, walivyo wachache. Mlinzi yule amenizoea, ananiita shangazi. Tulipofunga aliniambia, "Shangazi, mbona hupigi lile dude lako siku hizi?" Nikamwambia limetoboka. Halijatoboka.

Niambie tu Mama alisema nini siku ile. Hata kama alinilaani, niambie.

Mdogo wako.


Tarehe 30 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote, na pole kwa kukaa muda wote huu bila neno langu. Unaendeleaje? Mikono je? Wifi amekuwekea mafuta ya nazi kwenye chupa, anasema hayo ya dukani huko ni kujisumbua. Sisi tu wazima wa mwili. Mama hakukulaani. Ingekuwa ni laana ningekuandikia siku ile ile.

Siku ile aliamka kabla yetu. Akaoga, akamwambia Wifi amchane nywele vizuri. Kiti tulikitoa asubuhi, akasema, "Kielekeze sawasawa, leo sitaki kupinda shingo." Watu walipoanza kupita kwenda uwanjani alikuwa akisikia viatu vyao, anacheka peke yake. Mimi nikaaga, nikaenda kusimama pale uliponiona.

Utajiuliza nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu. Nilijiambia, Zambarau tutawanyamazia, lakini Grisi wakipata hata goli moja la kubahatisha tutaipasua mbingu. Mama atasikia kelele ya jukwaa la jua, atajua timu imerudi, wala hatajua kelele hiyo ni ya nani. Hata Wifi sikumwambia. Nilisimama pale nimefunga mdomo huku namsumbua Mungu anipe goli la Grisi. Grisi, mdogo wangu, hata lango lenu hawakulikaribia. Mwishoni nilikuwa namwombea mwamuzi awape penalti ya dhuluma.

Nikarudi nyumbani. Mama yupo kwenye kiti.

"Wamecheza?"

"Wamecheza, Mama."

"Watu walijaa?"

"Walijaa."

 Kisha akashika sikio lake, akalipapasa kama mtu anayekagua kitu sokoni kabla ya kununua. "Basi na haya nayo yameniaga," akasema. "Macho yalinipa taarifa, yakaenda taratibu. Haya yameondoka siku moja."

Nikamwambia, "Mama, mbona mimi unanisikia?"

"Ya karibu nasikia. Ya mbali yameondoka. Hata beseni sikulisikia."

Wifi alinitazama. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nikasema, "Labda ni upepo, Mama." Upepo! Nguo kwenye kamba zilikuwa zimetulia tuli.

Kesho yake akaomba kiti kiingizwe ndani. Akawa anakaa sebuleni, ameelekea ukutani. Wifi akimwita kutoka jikoni haitiki, na akimgusa bega anasema, "Niliona kama nimesikia, nikajua ni mawazo." Muuza maziwa akipiga kengele njiani, anatuuliza kama amepita. Masikio mazima kabisa, lakini ameacha kuyaamini.

Ndipo barua yako ikafika. Nilipofika kwenye ule mwiko niliikunja, nikaiweka kwenye kopo la misumari, nikawa naiona kila nikichukua msumari. Uwanja ule ulivyokuwa kimya, beseni lako lingefika mpaka jikoni kwetu. Lingefika peke yake, bila kelele ya mtu mwingine hata mmoja. Sikukuweka kwenye hesabu zangu. Niliwanyamazisha watu wote wale, nikajisifu moyoni, kumbe na wewe umo. Na hukuniandikia "nyamaza" bure. 

Wenzangu hapa kibandani bado wanaisifu siku ile. "Tuliwakomesha," wanasema, "walilia kwenye basi." Mimi nainama nashona. Sheria ya chai imekufa. Hakuna tena anayeponyokwa na jina lile. Kinyozi amepaka ukuta wake rangi ya maziwa juu ya ile picha ya kombe, na watu wanaingia wanakaa wanazungumzia bei ya saruji. Nilidhani tukiwaonyesha uchungu wetu tutabaki nao. Nao umekwenda zake.

Barua yako ya Agosti ilinikuta nimechoka kujificha. Jumapili baada ya ibada nilikaa chini miguuni kwa Mama, nikamweleza yote, tangu lile tangazo la getini. Kwamba timu ilihama. Kwamba umehama nayo kwa sababu ya riziki. Kwamba walipokuja ni mimi niliyewaambia watu wasitoe sauti. "Masikio yako ni mazima, Mama. Ni sisi tulionyamaza."

Unajua alisemaje? Alinipapasa kichwani, akasema, "Unanibembeleza." Nikasema sivyo. Akasema, "Mwanangu, ulisema wapo ugenini. Ukasema nyasi. Ukasema kambi. Ukasema upepo. Sasa unasema watu wote wale walikaa na hakuna aliyepumua. Lipi nishike?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa ananihurumia, kama mtu anayemwona mwanawe anahangaika kumfariji.

 Kusema tena kusingesaidia, maana maneno yangu ndiyo niliyoyaharibu.

Jumamosi iliyofuata Grisi walikuwa na mechi ya kirafiki. Watazamaji wao ni ndugu zao na wauza karanga, wanaingilia geti la pembeni. Nilifunga kibanda, nikapanda jukwaa la jua. Lote tupu. Nikaenda pale pale pangu, mbele. Mdogo wangu, nilifunga vifungo vya shati kama kijana anayekwenda kuposa. Nikauanzisha wimbo wa Zambarau. Peke yangu. Sauti ilitoka imejaa kutu. Wachezaji wa Grisi walisimama, mwamuzi akanitazama, mmoja akapiga kelele, "Mzee, timu hiyo ilishahama!" Nikaendelea. Niliumaliza wote, nikashuka, nikaondoka bila kumtazama mtu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mama amesimama mlango wa nyuma. Amesimama mwenyewe, ameshika fremu ya mlango.

"Kuna mlevi uwanjani," akasema.

"Mlevi gani, Mama?"

"Anaimba wimbo wa Zambarau. Ubeti wa pili ameukosea." Akacheka, mara ya kwanza tangu Juni. "Ubeti ule hukosewa na mtu mmoja tu."

Wifi alikimbilia jikoni kulia. Mimi nikamshika mkono nikamkalisha. Akaniuliza upya, moja baada ya jingine, nami nikajibu kama nilivyojibu Jumapili, na safari hii akawa anaitikia kwa kichwa. Mpaka tukafika kwako. Nikamsomea barua yako ya Juni, yote, hata mahali pa dereva na jezi mbichi. Sikuficha, maana nimeona kuficha kulikotufikisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Soma tena pale pa mwiko." Nikasoma tena.

"Aliunyanyua?"

"Aliunyanyua, Mama."

"Akaushusha."

"Akaushusha. Kwa sababu yangu."

 Kisha akasema, "Hayo umesoma wewe. Mwandiko mimi siuoni. Wewe nimekusikia kwa masikio yangu, umerudi. Yeye bado yupo ugenini mpaka nilisikie beseni lake."

Na kiti amekirudisha mlango wa nyuma. Wiki nzima sasa. Tumemwambia hakuna mechi, msimu umekwisha, geti lina mnyororo. Anasema anajua, hasubiri mechi.

Wifi ananikumbusha lile jambo nililolisahau kwa makusudi tangu Machi. Alitaka nikuandikie kwamba redio haiko juu ya kabati. Ipo chini ya kitanda changu, na betri zake ndizo mpya kuliko kitu chochote humu ndani. Sasa umejua.

Sikuombi uache kazi. Kazi ni kazi, nami sina haki ya kukuambia urudi kuja kufua kuta. Siku ile kituoni nilipaswa kuvuka barabara, na sikuvuka. Omba ruhusa, hata ya siku moja. Ukishuka kwenye basi usianzie kibandani kwangu, wala usianzie nyumbani. Pita geti la pembeni, halina kufuli, uende ua wako wa jezi, ulipige beseni hilo. Mimi nitakuwa nimekaa chini karibu na kiti chake. Sitamwambia kwamba unakuja, na likilia sitamwambia ni nini.

Tafadhali niandikie upesi uniambie ni siku gani.

Kaka yako.